A Love Supreme ya John Coltrane: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jinsi ilivyorekodiwa

Maswali haya kuhusu A Love Supreme, albamu ya jazz ya mpuliza saksafoni wa Marekani John Coltrane, yametoka kwa vijana wanaokuja kwangu kujifunza kupuliza domo la bata, yaani saksafoni, na kwa wapenzi wa muziki ambao hawajawahi kushika ala yoyote. Yanajirudia sana, kwa hiyo nimeyakusanya. Niseme mapema kwamba siipendi ile hadithi kuwa albamu hii ilishuka mbinguni usiku mmoja. Kurekodiwa, ilirekodiwa usiku mmoja. Kupikwa, ilipikwa miaka.

Muziki wa modi, ambao ndio wa albamu hii, ni upi? Nieleze mimi nisiyejua noti.

Wimbo wa jazz wa miaka ya 1940 na 1950 kwa kawaida hubadilisha kordi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, kila baada ya mapigo machache. Anayepiga solo anazifukuza kordi hizo: hajakaa vizuri kwenye moja, anatakiwa awe ameshaingia nyingine. Kwenye modi, kordi karibu zote zinaondolewa. Mpulizaji anapewa skeli moja, yaani mpangilio mmoja wa sauti, anakaa humo. Hafukuzwi na kitu. Lakini pia hana pa kujificha, maana kordi zinazokimbia humsaidia mtu asiye na la kusema aonekane ana shughuli.

Kama umeimba kwaya kwa solfa, jaribu hivi: imba re mi fa so la ti do re, na uifanye re iwe nyumbani, pale sauti inapopumzika. Utasikia ladha ambayo si ya furaha ya do wala si ya huzuni ya la. Hiyo ni modi ya Dorian, na ndiyo iliyobeba So What, wimbo wa mpiga tarumbeta Miles Davis, mwaka 1959: vipimo 16 humo, kila kimoja cha mapigo manne, vipimo 8 nusu hatua juu, kisha 8 vya kurudi. Wimbo mzima ni huo.

Mtu aliyekulia kwenye taarab ya Unguja hahitaji maelezo mengi. Mpiga kanuni au udi anapofanya taksim kabla ya wimbo kuanza, anazunguka ndani ya maqamu moja, anaionja pembe moja baada ya nyingine, na wasikilizaji wanajua yuko wapi. Ladha ni tofauti, na kwenye maqamu zipo sauti za robo ambazo piano haina, lakini wazo ni jirani kabisa. Mtu wa dansi naye afikirie sebene: waimbaji wamenyamaza, gitaa linarudia mzunguko uleule mfupi, na utamu wote unatokana na yanayofanyika juu ya marudio hayo.

Hii jazz ndiyo ile ya Morogoro Jazz na Tabora Jazz?

Hapana, jina tu ndilo moja. Bendi zetu zilijiita Jazz kwa maana ya bendi ya kisasa, yenye magitaa na ala za kupuliza. Walichopiga ni dansi, na ndani yake mna rumba ya Cuba iliyopitia Kongo. Jazz ya Coltrane ni ya Wamarekani Weusi, imetoka kwenye blues, kwenye nyimbo za makanisa yao na kwenye kumbi za miji yao.

Coltrane alikuwa nani kabla ya albamu hii?

Alizaliwa tarehe 23 Septemba 1926 katika mji mdogo wa Hamlet, North Carolina, akakulia High Point, jimbo hilohilo. Babu yake mzaa mama alikuwa mchungaji wa Kimethodisti. Baadaye akahamia Philadelphia, akatumikia jeshi la majini kwa muda mfupi, akarudi kupiga kwenye bendi za watu.

Mwaka 1955 alichukuliwa na Miles Davis, na mwaka 1957 akafukuzwa kwa sababu ya heroini. Huo ndio mwaka wa kushika. Aliacha dawa hizo, na mwenyewe aliandika kwenye ganda la A Love Supreme kwamba mwaka 1957, kwa neema ya Mungu, alipata mwamko wa kiroho, na kwamba aliomba apewe njia ya kuwafurahisha wengine kwa muziki. Mwaka huohuo alipiga na mpiga piano Thelonious Monk katika klabu ya Five Spot, New York, na mwaka uliofuata akarudi kwa Miles.

Kwa hiyo albamu ya 1964 ni shukrani iliyochelewa miaka saba. Ukiisikiliza bila kujua hilo utasikia muziki mzuri. Ukilijua, utasikia mtu anayelipa nadhiri.

Kwa nini aliacha kordi nyingi, wakati ndizo zilizomtambulisha?

Tazama mwaka 1959. Machi na Aprili yuko studio na Miles wanarekodi Kind of Blue, kordi chache, nafasi tele. Mei yuko studio na bendi yake anarekodi Giant Steps, wimbo ambao kordi zake zinaruka haraka kiasi kwamba wapulizaji wa leo bado wanautumia kama mtihani. Ni mtu yuleyule, na yamepita majuma machache tu. Alikuwa anaijaribu milango miwili kwa wakati mmoja.

Mmoja ulikuwa na mwisho. Ukishaweza kupita kwenye kordi zote kwa kasi ile, unaongeza nini tena? Mwingine ulikuwa wazi. Oktoba 1960 alirekodi My Favorite Things, wimbo wa jukwaa la Broadway ambao kila mtu aliujua, akaunyoosha karibu dakika 14 kwa kukaa juu ya kordi mbili zinazopokezana. Watu waliupenda. Alikuwa pia akisikiliza muziki wa India kwa makini. Mtoto wake aliyezaliwa 1965 alimpa jina Ravi, kwa heshima ya mpiga sitar Ravi Shankar.

Ni kweli aliitunga akiwa amejifungia chumbani?

Habari hiyo imetoka kwa mkewe, Alice Coltrane, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga piano, na baadaye kinubi. Mwaka 1964 familia ilihamia nyumba ya Dix Hills, Long Island, na mtoto wao John alizaliwa Agosti. Alice alisimulia kwamba mumewe alikaa chumba cha juu siku kadhaa, kisha akashuka ngazi ametulia, kama Musa anayeshuka mlimani, akamwambia kwamba kwa mara ya kwanza amepokea muziki wote wa albamu nzima, kila kitu kiko tayari.

Mimi naiamini. Ila soma tena: kwa mara ya kwanza. Huyu ni mtu aliyekuwa akifanya mazoezi mpaka analala na ala mdomoni. Karatasi alizochora zimehifadhiwa leo katika makumbusho ya Smithsonian, Marekani, na zinaonyesha fundi anayepanga: nani aanze, ufunguo upi (yaani sauti ipi iwe nyumbani), wapi besi ibaki peke yake. Mchoro wenyewe ni mwembamba. Hakuandika kila noti ya kila mtu, kwa sababu alijua anawaandikia akina nani.

Na hao walikuwa akina nani?

McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi kubwa ya kusimama, Elvin Jones kwenye dramu. Coltrane mwenyewe alipuliza saksafoni ya tena (tenor) tu. Soprano, saksafoni ya sauti ya juu zaidi, ambayo ilimpa jina kwenye My Favorite Things, hapa haimo.

Jibu hili nitalirefusha, maana wanafunzi wangu wengi humsikiliza Coltrane kana kwamba alikuwa peke yake. Tyner na Jones waliingia kwenye bendi mwaka 1960, Garrison mwishoni mwa 1961. Mpaka Desemba 1964 walikuwa wameshapiga pamoja miaka mitatu, usiku baada ya usiku, kwenye vilabu na safarini. Muziki wa modi hauwezekani bila hilo. Kordi zinapoondolewa, ramani imeondolewa, na kinachobaki ni masikio ya watu wanaojuana.

Msikilize Tyner. Kwaya hupanga do-mi-so, sauti zinazokwambia papo hapo kama uko kwenye furaha au huzuni. Yeye alizipanga kwa hatua za nne, kwa mfano re-so-do. Mpangilio huo hauelemei upande wowote. Ni kama mlango ulioachwa nusu wazi, Coltrane anaweza kutokea pembe yoyote na bado mkono wa kushoto wa Tyner ukawa sahihi.

Kisha Elvin. Waliolelewa na ngoma watamwelewa upesi kuliko waliolelewa na metronomu. Mguu unasema hili, mkono huu unasema lile, tatu juu ya nne, na vyote vinakutana mbele. Ukihesabu moja-mbili-tatu-nne utapotea. Ukiyumbisha mwili utampata. Garrison ndiye nguzo ya nyumba. Akitikisika yeye, wote wameanguka.

Studio ilikuwaje?

Ni studio ya Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson kutoka New York. Ilijengwa 1959, dari yake ya mbao inapanda zaidi ya mita 11 kama paa la kanisa. Van Gelder alikuwa mpimaji macho kwa taaluma kabla ya kurekodi kumzidia, na alijulikana kwa kuvaa glavu akishika vifaa vyake. Usiku ule wa 9 Desemba 1964 taa zilipunguzwa. Wanne walipiga pamoja, si kila mtu kivyake kama tunavyofanya siku hizi. Mtayarishaji alikuwa Bob Thiele wa kampuni ya Impulse!, na ile picha ya Coltrane kwenye ganda, uso umekazwa, macho mbali, aliipiga Thiele.

Ni kweli albamu nzima imejengwa kwa noti nne?

Sehemu ya kwanza, Acknowledgement, yaani kukiri, ndiyo imejengwa hivyo. Kwa solfa ni la do la re. Imba polepole: la do la re. Umeshaimba maneno a love supreme, upendo mkuu.

Inaanza na gongo, mlio wa shaba unaotanda. Saksafoni inatoa mwito mfupi, kama anayebisha hodi. Halafu Garrison peke yake: la do la re, la do la re. Elvin anaingia juu yake, Tyner anafuata. Coltrane anapuliza solo yake, na inapokaribia mwisho anakifanya kile ambacho mimi nikikifikia husimamisha kaseti na kuwaangalia wanafunzi: anakichukua kile kipande cha noti nne na kukipeleka kwenye funguo zote 12. Besi haihami.  Yeye anaingia kila chumba cha nyumba na ujumbe uleule, kisha anarudi sebuleni.

Sehemu nyingine tatu zina nyimbo zake. Resolution, azimio, ni wimbo wa E-flati maina, ufunguo wa ladha ya huzuni, unaopiga kelele tangu pumzi ya kwanza; huo waliurudia mara kadhaa kabla ya kuridhika. Pursuance, kuandama, ni blues ya B-flati maina, ya kasi, inayofunguliwa na solo ya Elvin na kufungwa na Garrison peke yake kwa muda mrefu. Ya nne ni Psalm, zaburi, nayo nitaieleza chini. Jumla ni kama dakika 33.

Ile sauti inayoimba ni ya nani?

Ni ya Coltrane. Ni sauti ya mtu asiye mwimbaji, ya chini, kama ya anayefuata kiitikio akiwa benchi la nyuma. Iliongezwa juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa, ndiyo maana unaisikia imeongezeka unene, kana kwamba ni watu wawili. Jambo la kusikiliza kwa makini: mwishoni kiitikio kinashuka hatua moja nzima, kutoka F hadi E-flati. Wengi hawatambui, lakini sehemu ya pili inaanzia hapohapo kwenye E-flati. Msikilizaji amehamishwa nyumba akiwa bado anaimba.

Kwenye Psalm hakuna mapigo wala mwimbaji. Kinachofanyika ni nini?

Anasoma shairi. Aliandika shairi la kumshukuru Mungu likachapishwa ndani ya ganda, na kwenye Psalm saksafoni inalisoma silabi kwa silabi, kwa C maina. Sitii chumvi. Mtafiti Lewis Porter aliyalinganisha maneno na noti, na kwenye mchoro wake Coltrane alikuwa amekwisha kuandika kwamba ala itaikariri sala. Chukua shairi, weka kidole kwenye mstari wa kwanza, na uanze muziki. Kila anapofika kwenye maneno Thank you God, ala inatua kwenye sauti ileile, kama mhubiri anavyotua kwenye neno analotaka waumini wamwitikie. Elvin ameacha mapigo, ananguruma kwa timpani, ngoma kubwa za okestra, kama radi ya mbali. Tyner anaweka kordi na kusubiri.

Utenzi unaposomwa kwetu husomwa kwa mahadhi, si kwa kuongea, na mahadhi hufuata mizani ya ubeti. Coltrane alifanya hivyohivyo, ila maneno akayaacha kwenye karatasi.

Ni Ukristo au Uislamu?

Shairi linamtaja Mungu bila kutaja dhehebu. Alilelewa kanisani, mke wake wa kwanza, Naima, alikuwa Mwislamu, Tyner pia alisilimu, na Coltrane mwenyewe alisema baadaye kwamba anaamini dini zote. San Francisco liko kanisa lililopewa jina lake, ambalo hutumia muziki wa albamu hii katika ibada. Wanafunzi wangu wa dini zote mbili huusikiliza wakiwa wamekaa pamoja, na sijawahi kuona mtu akikwazika.

Nimesikia kuna siku ya pili ya kurekodi. Kwa nini haikutumika?

Ndiyo, kesho yake, 10 Desemba, waliongezwa Archie Shepp kwenye saksafoni ya tena na Art Davis kwenye besi ya pili, wakaipiga Acknowledgement upya wakiwa sita. Albamu ilipotoka mapema 1965 ilikuwa na bendi ya wanne tu. Zile za watu sita zilitolewa rasmi mwaka 2002. Nimezisikiliza mara nyingi na naona Coltrane aliamua vizuri: ni nzuri, ila zinazungumza na watu, wakati ile ya wanne inazungumza na mmoja.

Aliipiga mara ngapi jukwaani?

Kwa ukamilifu, rekodi zinazojulikana ni mbili: tamasha la Antibes, Ufaransa, tarehe 26 Julai 1965, na klabu ya Penthouse, Seattle, tarehe 2 Oktoba 1965, ambayo ilitolewa mwaka 2021. Hiyo ya Seattle ni ndefu na kali zaidi. Muda si mrefu baadaye Tyner na Jones waliondoka. Coltrane alifariki tarehe 17 Julai 1967 kwa saratani ya ini, akiwa na miaka 40.

Alikuwa na uhusiano wowote na kwetu?

Hakuwahi kupiga Afrika Mashariki, lakini jina letu lipo kwenye kazi zake. Mwaka 1958, miaka mitatu kabla ya uhuru, alipuliza kwenye rekodi ya mpiga tarumbeta Wilbur Harden iitwayo Tanganyika Strut. Mwaka 1961 akatoa Africa/Brass. Na moja ya maonyesho yake ya mwisho kabisa, Aprili 1967, lilifanyika katika kituo cha utamaduni wa Kiafrika cha Babatunde Olatunji, mpiga ngoma wa Nigeria, huko Harlem.

Mimi ndiyo kwanza naanza kupuliza. Naweza kujifunza nini humu?

Mengi, na bila kunakili noti zake. Kijana mmoja alinijia ana vidole vyepesi sana. Nikampa la do la re, nikamwambia apige hiyo tu kwa dakika 20. Dakika moja haikuisha, akashusha ala: "Mwalimu, imeisha. Sasa?" Nikamwambia ndiyo kwanza haijaanza. Akaikata, akaichelewesha, akaipiga kwa pumzi tu bila sauti, akairusha juu mpaka ikapasuka. Dakika ya 15 alifumba macho. Wiki iliyofuata tukaanza kuipitisha kwenye funguo 12, ufunguo mmoja kwa siku, na mwezi wa pili akaanza kunisahihisha mimi.

Kama mko bendi ndogo, besi ishike kipande na isishawishike. Hilo ndilo gumu. Mpiga besi kijana huona aibu kurudia.

Nianzie wapi kusikiliza?

Anza mwanzo, umalize, bila simu mkononi. Usiruke kwenda kwenye kipande maarufu. Mara ya kwanza fuata besi peke yake. Mara ya pili Elvin. Mara ya tatu lete shairi.

Mimi niliipata kwenye kanda ya dakika 60 niliyorekodiwa na rafiki, albamu nzima upande mmoja. Upande mmoja ni dakika 30, na albamu ni kama 33. Kwa hiyo kwa miaka mingi Psalm yangu ilikatika katikati, tik, kitufe kinaruka, kimya. Nilidhani ndivyo inavyoisha, na nilikuwa nimeshaizoea. Siku nilipopata CD nilikaa na shairi mapajani, nikapita pale nilipozoea tik, na muziki ukaendelea. Mistari iliyokuwa imebaki ni ya shukrani tupu, na baada ya Thank you God ya mwisho lilikuwa limebaki neno moja, ambalo kanda yangu haikuwahi kulifikia. Ala inalisema polepole, kwa noti mbili. Amina.